Kioo cha Pili

Ephraim wa Manyamanyama, hapa Bunda, hakuwahi kumpa fundi gari lake. Ile Carina ilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yake Naomi, na Naomi yuko chuo. Ukimwambia ipeleke gereji, anakukatiza. "Fundi anakutengenezeaga kimoja, anakuharibia vitatu ili urudi." Basi yeye na simu yake, anatazama video za watu wa nchi za mbali, anarudisha nyuma, anatazama tena, halafu anaingia uvunguni na bisibisi mdomoni.

Taa za mbele zilikuwa zimeingia ukungu kama macho ya ng'ombe mzee. Akazisugua kwa dawa ya meno Jumamosi nzima mpaka zikang'aa, kisha akatoa balbu za njano akaweka zile nyeupe za kuchoma macho. Jirani yake Machibya alimwambia, bwana, taa zako zinaangalia juu mno, unapofusha watu. "Mimi nataka nione mbali," Ephraim akajibu, na mjadala ukafungwa. Deshibodi iliyopasuliwa na jua akaivika velveti nyekundu, gundi ikamganda vidoleni wiki nzima. Na pale ilipokuwa redio ya kaseti akachomeka skrini aliyoinunua mtumba Musoma mjini, pana kama sahani ya pilau. Ilikuja na kamera ya kukuonyesha nyuma unapoweka rivasi.

Kamera ya namna hiyo hufungwa nje, juu ya namba ya gari. Ephraim akawaza: nje? Hapa Bunda? Ingelala siku ngapi kabla haijang'olewa? Akaifunga ndani, darini, karibu na kioo cha dereva, ikatazama nyuma kupitia viti na kioo cha nyuma. Akaweka rivasi. Kwenye skrini wakatokea kuku wa Machibya, ukuta wa choo, na viti viwili vitupu. Akapiga makofi peke yake. Mkewe Jenoveva akaja kutazama, mikono imejaa unga. "Baba Naomi, umetufungulia sinema!" Tulicheka sote majirani siku ile, na mimi nilicheka, sikatai.

Jumatano ikaja simu. Mama yake Jenoveva, Marieta, kule kwao mbele ya Buhemba, kifua kimembana, miguu imevimba, pumzi haishiki. Zahanati wamesema afikishwe Musoma leo hii hii. Ephraim hakumaliza hata chai yake.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya huku: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Miaka ishirini na miwili Ephraim hakuwahi kumwona mama yule usoni sawasawa. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Hawali sahani moja, hawapeani mkono, na neno likitoka kwa huyu kwenda kwa yule linapitia kwa Jenoveva, hata kama wote watatu wako ukumbi mmoja. Si uadui hata kidogo. Ni heshima, na Marieta aliishika heshima hiyo kwa mikono miwili, kama alivyoishika rozari yake. Ephraim naye alijivunia. Alikuwa akisema kwamba kwa wakwe zake hana doa.

Walifika kwa mama, yeye na Jenoveva, saa nane mchana. Marieta akatolewa ndani huku majirani wamemshika mikono, kanga imemfunika kichwa mpaka kidevuni. Mlangoni mwa gari akasimama, akapumua mara tatu kabla ya kupata neno.

"Jeno. Muulize mwenzio. Kioo amekigeuza?"

Ephraim, macho kwenye usukani, alikuwa amekwisha kukisukuma kile kioo kidogo cha juu mpaka kikatazama dari. "Mwambie mama kimegeuzwa," akasema. "Haonekani kabisa."

Ndipo mama akakubali kuingia, akaketi nyuma na binti yake.

Barabara ile ina vumbi la malori ya machimbo, na mashimo yake anayajua Mungu. Ephraim aliendesha kwa vidole vya miguu, akikwepa kila kokoto. Nyuma alisikia pumzi ya mama ikikwaruza, inapanda, inakatika, inapanda tena. Akamsikia Jenoveva akisema, "Ngoja nikufungue mama, umeloa jasho," kisha maji yakimiminwa kwenye kitambaa.  Mungu wangu, alisema moyoni, usinifanye nimfikishe akiwa maiti.

Kwenye daraja jembamba wakakutana uso kwa uso na lori la mchanga. Lori limekwisha ingia, halirudi. Utingo akapunga mkono: rudi wewe. Ephraim akaweka rivasi.

Skrini ikawaka.

Marieta alikuwa pale mbele yake, mkubwa, kwa rangi zote. Kanga haipo. Blauzi imefunguliwa mpaka kiunoni, kifua wazi, Jenoveva anakipangusa. Mdomo wa mama umeachama kutafuta hewa, na macho yake yanatazama moja kwa moja kwenye skrini, yanajiona. Ephraim angefumbaje macho, naye gari linarudi nyuma? Alitazama. Sekunde tatu labda. Kisha akakanyaga breki, akaipiga ile skrini kwa kiganja, akaipiga tena, picha iko palepale, mpaka akili ikamrudia akatoa gia. Lori likapata nafasi, likapita.



"Jeno," sauti ya mama ikasema. "Mliniambia kioo kimegeuzwa."

"Kimegeuzwa, mama, si kile pale..."

"Na hiki kingine?"

Jamani, Ephraim alikuwa amesahau. Wallahi alisahau! Kwake kioo cha kugeuza kilikuwa kimoja tu, kile ambacho baba yake naye angekigeuza. Hiki kingine hakukihesabu kuwa kioo. Alifungua mdomo kujitetea, akakumbuka kwamba hana ruhusa ya kusema naye, akaufunga.

"Nishushe," mama akasema.

Jenoveva alilia, akabembeleza kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. "Mama, unaumwa!"

"Naumwa, sijawa mwendawazimu. Afadhali nife nimevaa."

Akashuka, akaketi ukingoni mwa barabara, mgongo ameligeuzia gari. Jenoveva akasimamisha bodaboda iliyokuwa ikipita. Kabla hajapanda alirudi dirishani kwa mumewe, na sauti yake haikuwa kubwa. "Na hizo akili zako za kwenye simu, Ephraim." Hakumwita Baba Naomi. Neno lile lilimchoma kuliko tusi.

Wakampakia mama katikati, dereva mbele, Jenoveva nyuma, wakaondoka kuelekea Butiama hadi Musoma. Ephraim akawafuata. Vumbi lilikuwa zito, malori yanapishana, akawasha taa ili angalau waonekane. Dereva wa bodaboda akasimama katikati ya barabara, akageuka kwa hasira. "Mzee, zima hizo taa! Zinanipiga machoni kwenye vioo, utatuua hapa!" Akazima. Akabaki nyuma, mbali, anafuata vumbi asilojua kama bado lina watu ndani yake. Alilia njia nzima, mwanamume wa miaka hamsini, bila hata kujifuta.

Hospitali aliwakuta. Mama amelazwa, amewekewa hewa puani. Daktari alisema ni moyo, na vifaa vya kumsaidia haviko pale, aende Mwanza bila kuchelewa. Gari la wagonjwa limekwenda na mama mjamzito, halijarudi, na simu ya dereva haipatikani. Mna usafiri, akauliza. Jenoveva akaja barazani, macho mekundu.

"Nimembembeleza. Anasema gari lile hataliingia tena."

Ephraim akatoka uwanjani. Alikwenda kwenye gari, akafungua milango yote, akachukua kisu na bisibisi. Velveti akaivuta mpaka ikatoka na sponji. Kamera akaing'oa darini. Skrini ilikataa, nyuma yake kulikuwa na nyaya alizoungaunga mwenyewe kwa tepu nyeusi, nyingine ametoa kwenye swichi ya kuwashia gari, nyingine kwenye fyuzi, na hakuwa na muda wa kukumbuka ipi ni ipi. Akakata zote. Akaitoa ile skrini, akaiweka chini, akaikanyaga kwa kisigino mpaka mlinzi akaja kuuliza mzee kuna nini.

Dirisha la wodi linatazama uwanja ule. Hakujua kwamba mama amemwona.

Baada ya muda akasikia ndara zikiburuzwa. Alikuwa Marieta, nesi upande mmoja na mtungi mdogo wa hewa, Jenoveva upande wa pili. Ephraim akaruka kwenye kiti chake, akainamisha uso. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akasikia mama akiketi, akisogezewa kanga, akivuta pumzi, kisha milango ikafungwa.

"Mwanangu."

Alidhani anaitwa Jenoveva. Lakini Jenoveva alikuwa amemtolea macho yeye.

"Ni wewe nakuita, Ephraim," mama akasema. "Yameisha. Twende."

Miaka ishirini na miwili!  "Ndiyo, mama," akajibu, kwa mdomo wake mwenyewe, na akazungusha ufunguo.

Kimya. Injini haikukohoa hata kidogo. Akazungusha tena. Mbele yake, kwenye tundu la deshibodi, nyaya zilikuwa zinaning'inia, nyekundu, njano, nyeusi, zimekatwa zote, hata za swichi. Akazungusha tena, akazungusha tena.

"Mwanangu," Marieta akarudia, kwa sauti ya juu kidogo, akidhani hakumsikia. "Nimesema twende."