Skrini Pana ya Afande Oyat

Kama kulikuwa na mtu Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla, mwenye sababu ya kuipenda ile skrini, alikuwa Oyat, ndiyo maana alipoanza kuisema vibaya watu walishangaa. Yeye ndiye aliyeililia. Mwaka mzima alimwandama bosi wake, Celestine Nabangala, Mkenya wa Busia mwenye duka la jumla la sabuni na mafuta ya kupikia, akimwambia kwamba kulinda duka lile kwa kiskrini cha ukubwa wa sahani ni mchezo wa watoto. Kamera nane zimebanwa humo, mtu akipita getini unaona sisimizi anatembea.

"Mama, nipe skrini ya maana," alikuwa akisema, "halafu tuone kama kuna panya atatoka hapa na kipande cha sabuni."

Celestine, ambaye pesa haitoki mkononi mwake bila vita, mwishowe alichoka. Akanunua skrini pana kwa Bisimwa, Mkongomani anayeuza vifaa vya kompyuta mtaa wa nyuma, na ilipoletwa, wapagazi waliweka chini mizigo yao waitazame. Ilikuwa pana kweli, tena imepinda kidogo kuelekea kwa mtazamaji. Kaltumi wa kaunta alisema angekuwa nayo nyumbani asingetoka tena kwenda kazini. Celestine hakucheka.

"Afande," alimwambia Oyat, "hii kitu iko na garanti. Kaa nayo, ipime vizuri. Ukiniambia mbaya, inarudi kwa mwenyewe. Ukiniambia nzuri, basi ni nzuri, na sitaki maneno tena."

Lilikuwa jambo la heshima, na Oyat alilipokea hivyo. Alikuwa amestaafu jeshini akiwa sajenti, mtu wa kaskazini huko Kitgum aliyeletwa Kampala na kazi na asiondoke tena, akapanga nyumba Mbuya, mteremko wa chini ya kambi ya jeshi, yeye na mkewe Abalo. Jeshini alisifika kwa shabaha. Hata leo, ukimpa nafasi, atakueleza jinsi alivyokuwa akifumba jicho la kushoto, akapumua nusu, na kule mbali kopo likaanguka. Kaltumi alikuwa ameisikia habari ya kopo hilo mara nyingi mno, na kila ikianza alikumbuka ana kazi dukani.

Basi Oyat akaipima skrini kama anavyokagua bunduki. Aliifuta kwa kitambaa chake mwenyewe asubuhi, na mtu mwingine akiigusa kwa kidole alifokewa. Picha alizipanga kwa mstari: kaunta na wateja kushoto, geti katikati, stoo na mlango wa nyuma kulia. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, chembamba hata kiti hakirudi nyuma, kwa hiyo pua yake ilikuwa karibu kugusa kioo. Hilo halikumsumbua. Alikaa wima, macho ameyakaza katikati, kwenye geti, maana ndivyo alivyofundishwa lindoni: askari hatembezi macho ovyo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Unakaza mbele, na pembeni kukitikisika kitu, chenyewe kinakujia.

Wiki za mwanzo aliimwagia sifa. Rangi safi, haichoshi, sura ya mtu unaisoma mpaka kovu. Celestine alisikia, akaguna, akaendelea na hesabu zake.

Halafu vikaanza vituko. Ule mshale wa kompyuta, akiusukuma kwenda kulia, ulikuwa unapotea. Anautafuta, hauoni, anautikisa, ghafla unatokea katikati kana kwamba ulikuwa umekwenda haja. Mpagazi anaingia stoo, Oyat anasubiri atoke, hatoki, kumbe yuko nje zamani anakunywa chai. Alifuta kioo. Alizima, akawasha. Alichomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Mwishowe alimwendea Celestine.

"Mama, skrini ina shida. Mwisho wa kulia kuna kama kigiza. Picha zinamezwa."

Celestine alikuja, akainama mlangoni, akaangalia. "Mimi naona kila kitu."

"Sasa hivi imetulia. Ina mambo yake."

"Skrini haina mambo yake, Afande. Watu ndio wana mambo yao," alisema Celestine, akarudi dukani.

Haikupita muda, katoni za mafuta zikatoka. Tena haikuwa usiku, haikuwa wakati wa mvua. Ilikuwa mchana kweupe, saa za mauzo. Celestine alipofungua rekodi kwenye simu yake aliona kila kitu: jamaa mmoja, ovaroli ya buluu, anatoka mlango wa nyuma na katoni begani, bila haraka, anarudi, anachukua nyingine. Hata alisimama kidogo kujikuna. Na saa ile ile Kaltumi alikuwa amempelekea Oyat chai, akamkuta macho makavu, ameikazia skrini. Kaltumi alisema ukweli alioujua, kwamba Afande hakuwa amelala, na hakujua ni msumari gani anaupigilia. Kwa sababu mlinzi aliyelala anatukanwa na yanaisha. Mlinzi aliyekuwa macho, wezi wakapita mbele yake wakijikuna, huyo watu wanasema amekula nao.

Na walisema. Sio mbele yake, la, Kikuubo watu wana adabu ya namna hiyo. Walisema akishapita. Wapagazi waliokuwa wakimpigia saluti ya utani asubuhi sasa walikuwa wanashughulika na kamba za mizigo. Miaka yote ile jeshini na dukani Oyat hakuwahi kuchukua hata kiberiti cha mtu, na jina ndilo mali pekee aliyotoka nayo huko. Aliumia, nakwambia. Alikuwa anakwenda kazini kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Tumaini lake lilibaki moja tu: skrini iwe mbovu.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia. Abalo alikuwa amenuna tangu siku nyingi. Mwaka uliopita, nje ya kanisa, Oyat alimpita mkewe kama anayempita mgeni, wanawake wenzake wakiangalia, na tangu hapo Abalo alikuwa akihesabu makosa. Anamwekea chai kando ya mkono wa kulia, mume anakipiga kikombe, inamwagika, halafu anauliza nani ameweka kikombe hapa. Anampungia mkono, hajibiwi. "Siku hizi mimi ni hewa," alisema Abalo siku moja, kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo ya kuogopwa. Oyat aliona ni uchokozi wa wanawake. Abalo aliona kuna mwanamke mwingine, na alikuwa ameacha kuuliza.

Celestine alikata kauli Alhamisi moja ya Agosti. "Twende kwa Bisimwa," alisema. "Kama skrini ni mbovu atairudisha na mimi nitakuomba msamaha mbele ya watu wote hawa. Kama si mbovu, Afande, utanieleza." Hakumalizia ataelezwa nini. Wapagazi walibeba skrini, Oyat akafuata nyuma amenyoosha mgongo, na mtaa mzima ukajua kinachoendelea.

Bisimwa alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakugombana. Aliiweka skrini juu ya kaunta, akaiwasha, akaweka picha ya rangi nyeupe tupu kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, kisha ya samaki wanaogelea. Akawaita majirani zake, muuza chaja na dada wa kushona mikoba, waangalie. Wote waliona samaki kushoto, wakaona samaki kulia. Watu wakaanza kujaa mlangoni.

"Sasa wewe, Afande," alisema Bisimwa. "Angalia vile unaangaliaka kazini."

Oyat alivuta kiti, akasogea karibu, akakaa wima, akakaza macho katikati. "Hapa," alisema, akanyoosha mkono wa kulia. "Hapa samaki wanaingia, hawatoki. Kumemezwa." Alisema kwa nguvu, ili na wa nyuma wasikie.

Bisimwa alijikuna shingo. "Basi tuigeuze." Alichomoa skrini kwenye mguu wake, akaipindua juu chini, akaiegemeza ukutani, miguu ya samaki juu kama samaki wangekuwa na miguu. Watu walicheka kidogo. "Ona, mzee. Ule upande wa ubaya, ulikuwa kwa mukono yako ya kuume. Sasa uko kwa mukono ya kushoto. Kama ubaya iko ndani ya kioo, na yenyewe imehama. Sema sasa kigiza iko wapi."

Ilikuwa njia rahisi, mtoto angeielewa, na Oyat aliielewa kabla hajaangalia. Alikaza macho katikati. Kushoto, mahali ambapo ubovu ulipaswa kuwa umehamia, samaki walikuwa wanaogelea wazi, matumbo juu, mpaka mwisho wa kioo. Kulia walikuwa wanaingia mahali na hawatoki.

Watu walisubiri, na Celestine, aliyekuwa amesimama kando, alishusha pumzi kama mtu aliyepata jibu asilolitaka. Nyuma mpagazi mmoja alisema jambo kwa Kiganda, na mwenzake akamnyamazisha.

Ndipo Oyat alipofanya kile ambacho mkono wake ulikizoea. Alifumba jicho la kushoto, kama anayelenga, akaitazama skrini kwa lile jicho la shabaha, jicho la kopo. Hakuwa amelitumia peke yake tangu siku aliporudisha bunduki. Skrini haikuwepo. Duka halikuwepo, wala watu. Kulikuwa na tundu dogo katikati, la kupitisha kidole, na ndani ya tundu hilo kipande cha samaki mmoja, na pembeni kote hakukuwa na giza wala mwanga, kulikuwa hakuna kitu tu. Alifumbua jicho la kushoto, dunia ikarudi, upande mmoja.

Na hapo, mbele ya watu wale, alikuwa na nafasi ya kusema uongo. Angeweza kung'ang'ania kwamba skrini ni mbovu, akapiga kelele, akaondoka na hasira zake. Lakini Celestine alikuwa amemwambia aipime, na yeye alikuwa amekubali.

"Skrini ni nzima," alisema. Akarudia, ili na wa nyuma wasikie. "Mama, skrini yako ni nzima kabisa. Usiirudishe. Ni jicho langu. Hili la kulia limekufa, na mimi sikujua."

Hakuna aliyecheka. Bisimwa alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Celestine alimsogelea Oyat, akanyoosha kidole chake chenye pete, akakipitisha taratibu kutoka kulia kuja mbele ya uso wake, akisubiri akione. Kidole kilifika karibu na pua. Celestine akakishusha.

"Kumbe ile ndogo ulikuwa unaiona yote," alisema polepole. "Hii ndiyo imekuzidi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilidhani..." Aligeuka akawatazama wapagazi waliojaa mlangoni, wale wale waliokuwa wakishughulika na kamba. "Mmesikia wenyewe. Afande si mwizi. Sitaki kusikia tena neno hilo dukani kwangu." Kisha akamwambia Oyat aende hospitali kwanza, habari za kazi wataongea. Oyat alipiga saluti, kwa mazoea tu. Alijua Celestine ni mtu mwema, na alijua pia kwamba hakuna duka linaloweka mtu wa nusu dunia mbele ya kamera nane.

Hospitalini walimwambia ni presha ya macho. Imemla kimyakimya, haiumi, ndiyo tabia yake. Kilichokwenda kimekwenda, dawa ya matone ni ya kulinda jicho lililobaki, nalo limeshaanza kuguswa. Daktari alisema atumie kila siku maisha yake yote, akauliza kama nyumbani kuna mtu wa kumkumbusha. Oyat alisema yupo, kisha akajiuliza kama bado yupo.

Alifika Mbuya jua likiwa bado juu ya mabati. Aliketi uani kwenye kiti chake, akaweka kichupa cha dawa mapajani, akatazama mbele, kwenye mlango wa jikoni, akimsubiri Abalo atoke amwambie. Alisubiri sana. Alipanga maneno, akayapangua. Mwishowe aliita.

"Abalo."

"Niko hapa," alisema Abalo, karibu kabisa, kulia kwake. "Nimekaa hapa tangu umeingia. Ulinipita."

Oyat aligeuza kichwa chote, kama mtu mwenye shingo ngumu, mpaka akampata. Alikuwa kwenye kigoda, na sinia ya mchele mapajani, mikono imesimama. Akamweleza yote, ya skrini, ya samaki, ya jicho, ya kanisani, na ya kikombe cha chai. Abalo alitua sinia chini, akabeba kigoda chake, akamzunguka kwa nyuma, akaketi kushoto, akachukua kichupa cha dawa akasoma maandishi yake.

Huko kushoto Oyat alimwona mzima, bila kugeuka. Aliona kwamba kichwa hakikuwa na kitambaa, na nywele zile ndefu alizokuwa akizisuka zimekatwa fupi, karibu na ngozi, na mvi zimeingia.

"Umenyoa," alisema. "Leo?"

"Pasaka," alisema Abalo, akafungua kichupa. "Inua kichwa."