Sentensi Moja kwa Kila Mgonjwa

Daktari Mzungu aliponiagiza nimtafsirie kila mgonjwa kwa sentensi moja tu, nilipaswa kukataa. Nilikubali, tena nikajiona nimepanda cheo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, katika dispensari ya kambi ya wachimbaji, Kolwezi. Mstari ulifika mpaka langoni, na saa ya daktari ilikaa wazi mezani. Mtu aliyeeleza kwamba usingizi umemkimbia tangu afiwe, mimi nilimgeuza kuwa "kichwa kinamuuma." Alipewa vidonge, akarudi mgodini. Nilisifiwa kwa wepesi wangu.

Jumanne moja, siku ya wanawake, niliinua macho nikamwona mke wangu mstarini. Miezi minne nyuma tulikuwa tumemzika mtoto wetu. Nyumbani hakuwahi kuniambia kitu; au aliniambia, nami sikusikiliza. Pale mbele ya daktari alisema yote kwa Kiswahili: kwamba anawasha makaa akasahau kuteleka chungu, kwamba king'ora cha mgodi anakisikia kama mtoto analia, kwamba asubuhi haoni sababu ya kuamka.

Juma lilelile nilikuwa nangoja watu wa tume ya serikali. Walizunguka nyumba za sisi tulioomba cheti cha ustaarabu, kilichompa Mwafrika baadhi ya haki za Mzungu, wakikagua mashuka, uma na mke. Huzuni kama ile ikiandikwa kwenye karatasi yake ya dispensari, na tume ikaiona, niliwaza, cheti sitakiona. Nikamwambia daktari kwa Kifaransa, "Ana malaria kidogo."

Daktari aliandika kinini bila kumtazama. Lakini mke wangu alikuwa amesoma kwa masista miaka miwili, na Kifaransa hicho alikielewa. Aliniambia taratibu, akiniita baba kama nyumbani, "Mi nilisema mingi, tata. Weye umesema moya, na ile haiko yangu."

Nilimwita mgonjwa aliyefuata.

Tume ilipokuja, mke wangu alikaa kitini kimya, mikono mapajani. Walimsifu kwa utulivu wake. Baadaye akaacha kula. Nilimpandisha treni kwenda kwa mama yake Kasai, nikasingizia kazi ili nisimsindikize. Cheti kilifika. Mvua hazijakwisha, ikafika na habari ya kifo chake.

Wenzangu wa zamani bado wanamlaumu daktari na saa yake. Daktari hakujua Kiswahili. Mimi nilikijua. Kwa sentensi ile nilimpoteza mke wangu, na hata kumzika sikumzika.