Imetoka au Ametoka

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia mikono yangu hupoa hata kama jua la Dodoma linachoma. Nilikuwa nimeifungia mbali. Jumapili iliyopita mliifungulia wenyewe, hapa hapa sebuleni kwangu Area D, mlipomaliza kula mkaanza kubishana.

Baraka, mjukuu wangu anayesoma chuo, alisema, "Bibi, mwanzoni ile ni chembe tu. Mtu anakuja baadaye." Dada yake Tumaini akamkata kauli: "Chembe ni wewe! Ni mtoto tangu siku ya kwanza." Mkacheka, mkarushiana mito ya makochi, mkaniuliza nani kashinda. Mimi nilikuwa namtazama mmoja wenu aliyemenya chungwa lake lote taratibu, akaliweka juu ya sahani, asile hata kipande. Huyo nitamrudia. Kwanza nisikilizeni.

Nilikuwa msichana, nimetoka shule na Kiswahili fasaha kichwani na sina kazi, nikaenda Makutupora kuvuna zabibu. Tulikuwa vibarua wengi, Wagogo wa huku huku na Warangi kutoka Kondoa, tukilala kwenye nyumba moja ya tembe pembeni mwa shamba. Rafiki yangu wa karibu nitamwita Damari, ingawa hilo si jina lake. Alitoka Mpwapwa, binti wa mwinjilisti, na alikuwa haachi kuimba akikata vichala. Msimu ule hakuimba. Nilidhani amechoka na jua. Kumbe alikuwa mjamzito, na mwanamume mwenyewe alikuwa mume wa mtu, na siri ile aliibeba peke yake kama mtu abebaye makaa kwenye upindo wa kanga. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Adhuhuri ya siku hiyo niliisikia sauti yake ndogo katikati ya mistari ya mizabibu. Nikamkuta amepiga magoti, ameshika waya unaobeba mizabibu kwa mikono miwili. Kanga yake ilikuwa imelowa. Nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba amekalia zabibu zikapondeka.

"Nimekunywa kitu," akaniambia. "Nilipewa kwenye chupa ya soda. Usimwambie baba."

Tulimbeba hadi ndani ya tembe, mimi na wanawake wawili. Mmoja alikuwa Mama Penina, kiongozi wa akina mama kanisani. Wa pili alikuwa Bi Zainabu wa Kondoa, mwanamke asiyepitwa na swala. Walikuwa wema, mwanangu. Walikuwa wanawake wema kuliko wengi niliowajua baadaye, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Gari la shamba lilikuwa langoni, linapakia makreti ya kwenda mjini. Siku hiyo lilikuwa halina safari nyingine. Nikaambiwa nikimbie nimsimamishe dereva.

"Nimwambie nini?" nikauliza.

"Mwambie mimba imetoka," akasema Bi Zainabu. "Basi. Atakuelewa."

"Imetoka?" Mama Penina akainua kichwa. "Kwani ni jino? Sema ametoka. Huyo ni mtoto wa Mungu."

"Mama Penina, sisi tumefundishwa roho hupulizwa mimba ikishafika miezi minne. Hii bado changa. Wala simhalalishii alichofanya, alichofanya ni kibaya. Nasema tu neno lake ni imetoka."

"Ndivyo mnavyoanza! Mkishasema 'i', mnatupa kama maganda ya karanga."

"Nani katupa? Mimi hapa nimeshika nini, si kichwa cha mwanenu?"

Kisha wakanigeukia mimi. "Wewe uliyesoma, sema! Kiswahili sahihi ni kipi?"

Nami, mwanangu, nikasema. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nikaanza kueleza ngeli. Nikawaambia mimba inachukua 'i', mtoto anachukua 'a', kwa hiyo inategemea mnakusudia kipi. Halafu nikaona ujanja mwingine, nikautoa kama mwanafunzi anayetafuta sifa. Nikawaambia, angalieni, ametoka ikidondosha 'k' moja tu inakuwa ametoa. Hapo ile 'a' si ya mtoto tena. Ni ya Damari, na Damari ataulizwa na polisi. Hofu ikatuingia sote. Tukaanza upya kutafuta neno lisilo na hatari, na huko nje dereva alikuwa akifunga turubai.

Midomo ya Damari ilikuwa imepauka kama udongo wa ukutani.

Ndipo akaingia Bibi Mbeleje, mpishi wetu, mwiko wa ugali bado mkononi. Alikuwa mzee hata kwa wazee. Kiswahili alikiokota ukubwani, minadani, na upatanisho wa maneno haukumhusu. Sisi wasichana tulizoea kumwiga. "Bibi, mlenda imeiva?" tulikuwa tukisema, naye akitucheka na sisi tukimcheka. Siku hiyo alisimama akatusikiliza kidogo. Akamtazama Damari. Kisha akapiga fremu ya mlango kwa mwiko, unga ukaturukia usoni.

"Mimi Kiswahili chenu sijui," akasema. "Kwangu ng'ombe imelala, mtoto imelala, mzee imelala. Lakini huyu inakufa. Herufi yake mmeshapata?"

Akaendelea kwa Kigogo, na kwa Kigogo hakuwa wa kuchekwa. Alisema, "Mimi nimezika watatu ambao hawakufika siku zao za kuzaliwa. Niliwazika pale mtungi wa maji unapokaa, penye unyevu. Hapakupigwa yowe, hapakupikwa chakula cha msiba. Kila nikichota maji huwasalimia. Msinifundishe kilichopotea humu ndani, nakijua kuliko ninyi. Lakini walio chini ya mtungi hawana kiu tena. Huyu ana kiu."

Nilikimbia bila viatu. Lango lilikuwa tupu, vumbi limebaki. Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baadaye, hata nilipozaa mwenyewe. Nilikimbia nikijua kwamba kama gari litashika barabara kubwa, basi rafiki yangu amekufa, na amekufa kwa sarufi. Mungu hakuniacha. Gari lilikuwa limezama kwenye mchanga wa korongo, dereva yuko chini anachimba tairi kwa mikono.

"Wewe, vipi?" akaniuliza.

Maneno yote niliyoyapanga yalinipotea. "Damari anakufa," nikasema.

Hakuuliza la pili. Tulisukuma gari likatoka, akageuza, akashusha makreti mbele ya tembe, zabibu za watu zikabaki juani, tukampakia Damari tukapanda naye. Mjini, muuguzi aliyetupokea alituuliza jina la mgonjwa na damu imeanza lini. Njia nzima kabla ya hapo Mama Penina alikuwa akiomba kwa Kikristo na Bi Zainabu kwa Kiislamu, kila mmoja ameshika mkono mmoja, na mikono ile miwili ya Damari ilikuwa baridi sawasawa.

Alipona kwa tundu la sindano. Tulizeeka wote, yeye kwao, mimi hapa. Na nikuambie nililolisikia kwake kwa miaka mingi. Siku nyingine tukikaa alisema, "Angekuwa anaanza shule mwaka huu." Siku nyingine akasema, "Ile mimba ningebaki nayo, baba angeniua." Mara 'a', mara 'i', mtu yule yule, kikombe kile kile cha chai mkononi. Sikumsahihisha hata mara moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mtaniuliza mimi bibi yenu nasimama wapi. Moyo wangu unaegemea 'a'. Nikimfikiria Bibi Mbeleje akiusalimia mtungi wake, siwezi kusema pale palikuwa hapana mtu. Lakini nasema hivyo nikitetemeka, kwa sababu nimeona watu waliokuwa na hakika, na nimeona hakika yao ilivyomwacha binti sakafuni akiishiwa damu. Ukikutana na mtu anayelijibu swali hili haraka, upande wowote, akicheka, mwogope kidogo.

Basi nasaha yangu ni hii. Bishaneni, maana swali ni kubwa na dini zetu hazijalipuuza, wala sheria. Lakini kabla hujafungua kinywa, tazama nani yumo chumbani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukimwona mwenzako ameacha kuimba, usiseme amechoka, muulize. Damu ikianza kutoka, neno la kwanza ni hospitali, na hukumu, kama ipo, itasubiri, maana hukumu haina haraka kama damu. Na wewe mvulana, usipeleke mtu mahali ambapo hutakuwa tayari kusimama naye mchana kweupe.

Sasa wewe uliyemenya chungwa. Nililifunika sahani, nikaliacha hadi asubuhi, hukurudi. Labda huna lolote, labda mimi ni kikongwe mwoga niliyeona korongo mahali pasipo na korongo. Ikiwa hivyo, nicheke kama tulivyomcheka Bibi Mbeleje. Lakini kama kuna jambo, usipokee chupa ya mtu. Usibaki peke yako. Mlango wangu wa jikoni siufungi kwa ndani tangu Jumapili. Ukishindwa kutembea nipigie, nitakuja na bajaji na kanga kavu, wala njiani sitakuuliza neno sahihi ni lipi.

Mungu aliyelishikilia gari mchangani siku ile akushikilie nawe, mwanangu. Akulinde wewe, na ulichokibeba au uliyembeba, maana herufi yake anaijua Yeye. Njoo tu.