Joho la Kuazima

Sebuleni kwetu kuna ukuta wa picha. Watoto wangu wamepangwa hapo, kila mmoja ndani ya joho la chuo chake, na juu yao yupo marehemu mume wangu, aliyekuwa mwalimu mkuu. Msumari mmoja ulibaki mtupu. Ulikuwa wa binti yangu kitinda mimba, fundi wa kutengeneza cherehani.

Chuo aliingia, akatoka kabla mwaka haujaisha. Alikuwa akirudia swali, mhadhiri anawatazama wenzake, nao wanacheka. Akarudi nyumbani, akaifungua cherehani yangu mbovu juu ya meza ya kulia, simu akaiegemeza kwenye birika, na mwanamke wa mbali akawa anamfundisha kwa video. Somo likimpita, analirudisha nyuma. Alirudishe atakavyo, mwalimu yule hakunji uso. Nimefundisha hadi kustaafu, na walimu wenye subira ya namna hiyo niliowaona ni wachache.

Ila video haisikii. Cherehani ilishona kidogo ikakata uzi, na mwanamke wa kwenye simu akaendelea kutabasamu. Ndipo binti akaenda kukaa kibandani kwa fundi mzee wa mtaa wa pili, tunayemwita Babu Mafuta. Huyo haelezi kitu. Anazungusha gurudumu, anasema, "Sikia," basi. Binti akakaa naye mpaka akasikia kweli.

Sasa wageni wa kumposa walikuwa njiani, watu wenye vyeti vyao. Asubuhi hiyo shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alifika na mfuko. Ndani mlikuwa na joho na kofia.

"Avae, apigwe picha moja, tuitundike," alisema. "Nani atauliza?"

"Mimi."

"Shemeji, wakijua mtoto kasomea kwenye simu, posa imekwisha."

"Kaka yako alimfukuza mwalimu aliyeajiriwa kwa cheti cha kuazima. Leo nimtundikie binti yake joho la kuazima, chini ya macho yake?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Ukuta ni uleule."

Nikamgeukia binti, aliyekuwa mezani na bisibisi mdomoni. "Huyo kijana unamtaka?"

Akaitoa bisibisi. "Namtaka. Na anajua kazi yangu. Ndugu zake ndio hajawaambia." Akalitazama joho. "Baba mdogo, hilo limefumuka kwapani. Niachie nilishone kabla hujamrudishia mwenyewe."

Nilipanda kiti, nikatundika picha aliyopigwa na dada yake: shavu lina mafuta, simu iko kwenye birika, na pembeni umeingia mkono wa Babu Mafuta ukionyesha kitu ndani ya mashine.

Wageni walikaa, wakanywa chai. Mama wa kijana aliziangalia picha moja moja mpaka akafika pale.

"Na huyu, alihitimu wapi?"

Shemeji akakohoa.

"Hajahitimu," nikasema. "Shule ilimpa kusoma maelekezo. Simu ikampa moyo wa kufungua mashine bila kuogopa kuchekwa. Kazi yenyewe kafundishwa na mkono huo unaouona pembeni. Kama kuna lingine, uliza, mama, nipo."

Mama yule alikiweka kikombe chini taratibu. Waliaga vizuri, wakasema watatuma jibu.

Shemeji alisubiri mlango ufungwe. "Umetuharibia jina."

"Jina liko pale ukutani. Wakirudi watalikuta. Wasiporudi, halishuki."

Binti alikuwa amesharudi kwenye kazi yake. Alikuwa amepiga magoti na gauni lake la wageni, anapapasa sakafu chini ya meza.

"Baba mdogo," alisema bila kuinua kichwa, "inua mguu. Umekanyaga skrubu yangu."

Akainua.