Vinkubala vya Kupeleka Kipushi

Kwa miaka mingi nimefundisha maadili katika shule ya sekondari, na somo la kiasi lilipofika nilikuwa na mfano nilioupenda wa kukosa kiasi: mtu anayekimbia mchana kutwa bila kufukuzwa wala kutumwa. Kisha daktari akaniamuru nitembee. Nilitembea, nikachoshwa na upole wa kutembea, nikaanza kukimbia. Haukupita muda mrefu nikawa na wenzangu watatu, wenye mvi kama mimi, na tukakubaliana kutoka Lubumbashi kwa mbio hadi Kipushi na kurudi kwa mbio siku hiyohiyo.

Ilibaki ruhusa ya mama yangu. Ninaishi naye, na mbele yake mvi zangu hazina cheo.

"Kipushi juu ya nini?" aliuliza. "Banakufukuza?"

"Hapana, mama. Ni kwa ajili ya afya."

"Afya iko njiani ya soko. Tembea."

Nikamweleza kwamba mwili ukitaabika, nafsi hujifunza nidhamu. Akajibu kwamba Kwaresima ipo kwa kazi hiyo, na mwaka huu nilikula vizuri sana. Nikautaja uvumilivu, akanikumbusha ninavyonung'unika umeme ukikatika. Hoja zilizonitumikia darasani zilianguka zote pale jikoni, kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Mwishowe nilisema neno pekee lililobaki.

"Mama, ninapenda."

Alicheka mpaka akaketi. "Njo ungesema tangu mwanzo. Lakini muntu haendake Kipushi mikono mitupu. Utapelekea mudogo yangu vinkubala. Na kama unarudia juu ya pikipiki, mambo ya mbio imeisha. Umesikia?"

Nilisikia. Jumamosi nikaondoka na mfuko wa vinkubala, wale viwavi wakavu wa kuliwa, mgongoni. Vumbi jekundu la malori lilitufunika, na wanawake waliouza mikate kando ya barabara walitushangilia kwa namna yao.

"Mapapa, ule mwizi alishapita zamani."

Nilikuwa nimekusudia kuukabidhi mfuko mlangoni, kunywa maji na kugeuka. Mama mdogo, hata hivyo, alikwisha kupigiwa simu. Tulikuta viti vinne barazani, bukari, ugali wa kwetu, ukifuka mvuke, na samaki wa Kasenga katika mchuzi.

"Hatukai, mama mudogo," nilisema. "Miguu itapoa."

"Ipoe. Dada yangu atasema niliwafukuza."

Wenzangu walinitazama. Walijua ninayofundisha kuhusu heshima, na walitaka kuona kama ninayaamini. Nikanawa mikono. Mama mdogo alisimama juu yetu kama msimamizi wa mtihani, akazuia kila aliyetaka kuacha tonge, huku yeye akionja vile vinkubala.

Tulipoondoka hakuna aliyeweza kukimbia. Tulitembea kama watu waliomeza mawe, huku tumbo langu likifikiri pikipiki ni chombo cha haki. Na pikipiki ikaja kweli, ikajikokota ubavuni mwangu.

"Papa, panda," dereva alisema. "Hakuna muntu ataona."

"Mama yangu ataona."

"Mama yako iko wapi?"

"Lubumbashi."

Alizitazama mvi zangu, akacheka hadi pikipiki ikayumba. Nami nikacheka, wenzangu wakacheka, na katika kicheko hicho miguu ikapata joto. Tukaanza tena kukimbia. Nimesoma vitabu vingi vinavyousifu ustahimilivu, vyote kwa uso uliokunjwa. Sikumbuki hata kimoja kilichonionya kuhusu furaha ile ya baada ya maumivu, furaha nyepesi kama ya mtoto aliyetumwa chumvi akaipata.

Mama alikuwa ameketi langoni. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama nyuma yangu, hadi kona, aone kama kuna pikipiki inayogeuza. Ndipo akaona vumbi na viatu vyangu.

"Amesema nini?"

"Anasema aksante sana, ila chumvi ilikuwa kidogo."

Aliinuka. Nilifahamu kwamba neno limeingia mahali pabaya.

"Chumvi? Jumamosi ingine utamupelekea ingine."

"Mama, si umpigie simu tu?"

"Simu inabebaka vinkubala?"

Nilikuwa bado nimeushika mwimo wa lango, kwa kuwa ngazi moja ya kuingia ndani ilinishinda. "Mwezi ujao, mama," nilimsihi.

Alikubali, lakini si kwa huruma. Alitaka safari hii chumvi ipate muda wa kukolea.