Tangi la Boti Uani kwa Bibi

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipiga hodi asubuhi, akaniamkia, kisha akazunguka moja kwa moja hadi uani. Akaligonga lile tangi kwa kifundo cha kidole. "Dada, na hili unauza?" Nikamwambia arudi jioni. Nilikuwa nimekuja Kitangari kuifunga nyumba ya bibi baada ya arobaini. Vyungu nilishagawa, mikeka nilishagawa, kinu nilimpa jirani, na sikubabaika hata kidogo. Hilo tangi ndilo lililonikwamisha.

Wewe ungeliona ungesema ni tangi la maji tu, bati nene la pembe nne limekaa chini ya mfereji wa paa. Kumbe lilikuwa tangi la mafuta la boti. Ndiyo, boti, huku juu ambako maji ya kunywa tuliyafuata bondeni na kuyapandisha kichwani, ukifika nyumbani shingo haigeuki. Ngoja nikusimulie lilivyotufikia.

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, nikalelewa na bibi mzaa baba. Baba mwenyewe alikuwa chini huko mto Ruvuma, akivusha watu kwa boti ndogo ya mbao yenye injini ya dizeli, ambayo aliinunua ikiwa imeshachoka. Nyumbani alikuja kwa nadra, na mara nyingi nilirudi shule nikakuta ameshaondoka, kaacha samaki wakavu mezani. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Tuliweza kumenya muhogo tangu asubuhi hadi jua la utosini bila kusemeshana, na wala hatukuwa tumegombana. Nilikuwa mpweke, rafiki yangu, sina neno jingine la kulipamba.

Kiangazi kimoja lori likasimama njiani, na juu yake ipo boti. Tangi lake lilikuwa limeoza kitako. Lilikuwa limefungwa nyuma kabisa, chini karibu na injini, pale maji yanapotuama ndani ya boti, na kutu ikalitafuna taratibu mpaka dizeli ikawa inavuja miguuni mwa abiria. Baba hakumwamini fundi mwingine ila mmoja wa Mkomaindo, kule Masasi, na boti hakutaka kuiacha mtoni peke yake, injini isije ikaota miguu. Basi akaileta kwa mama yake. Wanaume wa jirani wakaishusha chini ya mikorosho, wakaisimamisha juu ya magogo. Jirani mmoja, mtani wake, akamwita Nuhu tangu siku hiyo, akawa anapita kumuuliza mvua itaanza lini.

Hicho ndicho kiangazi ninachokikumbuka kuliko vyote nilivyoishi. Nikitoka shule nasikia msumeno wa chuma kabla sijafika kwenye uzio, najua baba yupo. Bibi alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaila na chumvi na pilipili, baba amekaa ukingoni mwa boti miguu inaning'inia, shati linanuka dizeli. Bibi naye akaanza kuongea. Nadhani nilimsikia akicheka mara ya kwanza mwaka ule. Mimi nilikaa ndani ya boti kwenye benchi la abiria, na baba akawa ananiuliza, "Abiria, unashukia wapi?" Namjibu, "Mimi sishuki."

Nilimaanisha. Maana nilishaielewa shughuli yenyewe: tangi likipona, baba anaondoka.

Fundi alikuja na bati lake na mashine yake, akachomelea tangi jipya. Wakakubaliana wasilirudishe kule nyuma kwenye unyevu. Walihamishie katikati, chini ya benchi, juu ya vipande vya mbao, likae pakavu. Ila kwanza lijazwe maji, lionekane kama linavuja. Hapo bibi aliweka chini ungo wake.

"Shikamoo mama," fundi alianza upya, kwa adabu zote, ingawa walishaamkiana asubuhi.

"Marahaba. Maji sina."

"Mama, bila maji sitajua kama linavuja."

"Na mimi bila maji sitajua nitawapikia nini. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na haya yamepanda mlima."

Nilimwombea bibi ashinde. Siku kadhaa alishinda kweli, na tangi likakaa juani bila kazi, nami nikawa mtoto mwenye raha kuliko wote Kitangari. Mwishowe baba akachukua ndoo akateremka bondeni mwenyewe, akapanda na maji kichwani huku wanawake njiani wakimuuliza kaolewa na nani. Alienda na kurudi mpaka likajaa. Halikuvuja hata tone. Maji yale bibi aliyakinga yote, akafulia.

Ikabaki kulikalisha mahali pake. Mtu wa mtoni angeishusha boti majini aone inavyokaa. Sisi mto tungeutoa wapi? Baba na fundi wakapanga magunia ya korosho kwenye mabenchi kama abiria, fundi akachuchumaa mbali, akafumba jicho moja, akasema sogeza huku kidogo, hapo hapo, funga. Wakafunga. Lori likaja. Baba akanishika kichwa, akasema nimsaidie bibi.

Tangi bovu lilibaki, kwa sababu kwetu chombo chenye tumbo hakitupwi. Fundi alikuwa amekiziba kitako chake, na bibi akaliosha kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni, kwa majani ya mpapai. Harufu ikagoma. Mvua za kwanza zilipolijaza, juu ya maji ukaelea utando wa mafuta, mbuzi wakanusa wakaondoka zao. Nilidhani atalisahau. Hakulisahau.

Katikati ya masika msafiri mmoja alituletea salamu. Baba hajambo, ila tangi likijaa boti inalalia kushoto, abiria wanaogopa. Kiangazi ataipandisha tena, walihamishe vizuri. Sijawahi kufurahia habari mbaya namna ile. Nilifagia chini ya mikorosho. Magogo niliyaficha nyuma ya choo bibi asije akayachanja kuni. Darasani nilichora boti, mwalimu akaniuliza nimeiona wapi, nikamwambia nyumbani.

Kabla majani hayajakauka zikaja salamu nyingine. Baba ameweka mawe upande wa kulia, chini ya sakafu, na boti imekaa sawa. Hana haja ya kupanda.

Bibi alisema, "Afadhali," akaendelea kupepeta. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikakaa juu ya magogo. Mawe tu. Nilikuwa nimengoja kiangazi kije, na mawe ya kuokota yakatosha.

Baadaye tulisikia amehamia ng'ambo ya mto, ana nyumba huko na watoto. Kisha hatukusikia kitu. Magogo tuliyachanja mwaka wa njaa. Lakini tangi bibi alilijaza kila masika, alikinga mfereji, alilifunika, alitoa majani yaliyoangukia ndani. Hata kiangazi kibaya, jirani akija kuomba maji ya kufulia, alimpa kidogo lakini hakuruhusu liishe. Siku moja nilimuuliza anamwekea nani maji yasiyonyweka.

"Mke mwenzangu," akaniambia, ndivyo alivyoniita akiwa na furaha au akiwa na huzuni, "mgeni akifika huku, kabla ya chakula, kabla ya habari, unampa nini?"

"Maji ya kuoga."

"Basi. Hayo ni ya baba yako. Harufu haitamsumbua, ni yake mwenyewe."

Siku hizi bomba lipo hatua chache na mlango. Njia ya bondeni imefunikwa na vichaka, na watoto wa jirani wakikuona na ndoo kichwani wanacheka. Mikorosho ile imekatwa. Mtu wa kumwita mwenzake Nuhu hayupo.

Mnunuzi alipoondoka nilifunua tangi. Bibi alifariki mvua zikiwa zimekwisha, hivyo lilikuwa limejaa. Niliinama nikanusa. Nikanusa tena. Harufu ya dizeli haikuwepo, ilibaki ya bati na majani, na hapo ndipo nililia, msibani sikulia hivyo. Nilichota ndoo, nikaingia bafuni kwa bibi, nikaoga.

Jioni yule mnunuzi alilikuta limelazwa ubavu, tupu. Akaligeuza, akaona kiraka kitakoni, akaniuliza lilikuwa la nini.

Nikamwambia la maji ya kuoga.