Sindano Kumi za Mama

Mtaani wanamwita Bibi Sabuni, na wala hana habari nao. Ni dada yangu mkubwa, fundi cherehani. Mimi ndiye ninayekaa kwenye cherehani ya pili, na tangu ugonjwa huu wa kifua uanze kusambaa nakiona cha moto. Huingii kibandani kwetu bila kunawa na kuvaa barakoa. Mteja akikohoa tu, Dada anafoka, "Kwenye kiwiko, baba, kwenye kiwiko! Mikono hiyo hiyo si ndiyo utanishikia kitambaa?" Madirisha wazi kutwa, upepo unapeperusha vikaratasi vya vipimo, na wa kuviokota ni mimi. Jamani, nimechoka.

Lakini simlaumu. Nyumbani tuna Mama, na mapafu yake yaliharibika miaka mingi iliyopita. Kutoka kitandani hadi dirishani anapumzika mara mbili. Daktari hakuzunguka: akiambukizwa huyu, msije mkasema sikuwaambia. Siku hiyo hiyo Dada akatoa amri kwamba hakuna kuingia chumbani kwa Mama. Sahani tunaacha mlangoni, tunarudi uani, tunaongea naye kupitia dirishani.

Mama naye ni fundi, ndiye aliyetufundisha kazi. Miguu imegoma, mikono bado, kwa hiyo vifungo na pindo za kushona kwa mkono tunampelekea. Tatizo ni macho, tundu la sindano halioni tena. Basi kila mchana Dada humtilia uzi sindano kumi, anazichomeka kwenye kimto, nami nampelekea pamoja na chakula.

Wiki moja Dada akaamka koo linamkwaruza na mwili wote unamuuma. Tukapimwa. Yeye anao, mimi sina. Hakubishana. Alibeba godoro akahamia chumba cha nyuma ya kibanda, akawa ananipa maagizo kupitia dirishani. "Usinisogelee. Na Mama asikose sindano zake, atanuna." Akanipitishia kimto kwa mkono wenye glavu, sindano zimejipanga vizuri. Nikapeleka. Kesho yake nikapeleka tena.

Siku ya tatu nikawahi kufika, nikamkuta hajamaliza. Nikasimama nje nikamwangalia. Akashusha barakoa, akatia ncha ya uzi mdomoni, akailowesha kwa mate, akaichomeka tunduni. Akachukua uzi mwingine. Mdomoni tena. Tumefanya hivyo maisha yetu yote, wala mtu huoni kama unafanya. Halafu nikamkumbuka Mama. Akimaliza kifungo hatafuti mkasi, uzi anaukata kwa meno.

"Dada! Mate!"

Aliutazama ule uzi mkononi. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Nimemuua Mama," akasema.

Nilikimbia mpaka nyumbani, kandambili moja nikaiacha njiani. Mama alikuwa dirishani na shati mapajani, vifungo vyote vimeshikizwa, kipande cha uzi kimemganda kwenye mdomo wa chini.

Siku kumi zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Dada alikuwa ananipigia simu kila saa. "Amekohoa?" Amekohoa, lakini ni kile kikohozi chake cha zamani. "Una uhakika? Msikilize vizuri." Nikawa nashinda uani nimetega sikio kwenye pumzi za mtu, hadi nikikaa peke yangu nazisikia. Kazi zimerundikana, wateja wananung'unika, Dada mwenyewe kapona na chakula hakipiti. Nilitamani mtu aje aniambie, nenda kalale, nitasikiliza mimi.

Mama hakuugua. Siku ya kumi na moja Dada, ameshapimwa na hana kitu, akaja akasimama uani akaungama yote huku analia. Mama akacheka mpaka ikabidi apumzike.

"Kwani nani aliwafundisha kulowesha uzi kwa mate? Nilijua tangu sindano ya kwanza, na ulipoacha kuja dirishani nilijua unaumwa."

"Ulijua?" Dada machozi yakamkatika. "Ulijua na ukang'ata? Mama, kwa nini?"

Mama akawa anachezea kifungo cha shati.

"Mnaniwekea sahani mlangoni kama paka," akasema. "Mwezi wa tatu huu hakuna aliyenigusa. Nilichokuwa napata kwenu ni hizo nyuzi."

Dada akaenda bombani, akanawa mpaka viwikoni, akanawa tena. Akavaa barakoa mpya, akaibana vizuri puani, akafungua mlango ambao alitukataza mwenyewe. Nilimsikia akisukuma madirisha yote mpaka mwisho. Akamwekea Mama mkasi mapajani, akaketi nyuma yake, akazifumua nywele zilizokuwa zimeshikana, akaanza kumsuka.

Mama akafumba macho. Mimi nikabaki uani na sahani yake mkononi, chakula kikapoa.